Tiketi Kuukuu Nayo ni Amana

Wahenga walisema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Msemo huo umezoeleka kuambiwa wafanyabiashara na watunza hazina, lakini unawahusu vile vile watu wote wanaotaka kujua walikotoka. Leo tumeona ni vyema kuutumia kwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza litaonekana dogo, na pengine litawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Jambo lenyewe ni vikorokoro walivyobaki navyo watu wazima wa mji wa Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, kutokana na muziki wa ujana wao uitwao panki.

Tunasema vikorokoro kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana. Ni tiketi iliyochanika pembeni, beji ya bati, karatasi ya tangazo iliyobanduliwa ukutani, kijarida kilichopigwa taipu na kudurufiwa, picha iliyofifia, na santuri ndogo ndani ya karatasi iliyokunjwa kwa mkono. Katika nyumba nyingi duniani vitu kama hivyo hutupwa siku ya kuhama au siku ya kugawana vitu vya marehemu. Maoni yetu ni kwamba vitu hivyo si takataka. Ni ushahidi, na kwa watu wa Belfast ni ushahidi wa jambo jema ambalo majalada ya serikali na kurasa za mbele za magazeti ya siku zile hazikuliandika ipasavyo.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua muziki huo, inafaa tueleze kwa ufupi. Panki ulikuwa muziki wa gitaa wa haraka na wa makelele, ulioenea Uingereza kuanzia mwaka 1976. Waliupiga vijana ambao wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kushika ala. Walivaa nguo zilizochanwa na kushikizwa kwa pini, wakazisimamisha nywele zao, na wakawakera wazee wao kwa makusudi. Hatuandiki tahariri hii ili vijana wetu waige mavazi yale. Tunaandika kwa sababu ndani ya makelele yale lilikuwamo jambo lenye maana kwa kila nchi ambayo watu wake wamewahi kugawanyika, na kwa sababu namna jambo hilo lilivyohifadhiwa, na namna lilivyonusurika kupotea, ni funzo kwetu wakaazi wa visiwa na kwa maofisa tuliowapa dhamana ya kumbukumbu za umma.

Lazima ikumbukwe hali ya Belfast ilivyokuwa. Tangu mwaka 1969 hadi mapatano ya tarehe 10 Aprili 1998, Ireland ya Kaskazini ilikuwa katika fitina ya silaha iliyoua watu zaidi ya 3,500. Upande mmoja walikuwapo waliotaka nchi hiyo ibaki chini ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Na upande wa pili waliotaka iungane na Jamhuri ya Ireland, wengi wao Wakatoliki. Mitaa ilitengana, skuli zilitengana, na mtoto aliweza kukua hadi utu uzima bila ya kuwa na rafiki hata mmoja wa upande wa pili. Katikati ya mji palizungushwa vizuizi vya chuma, na mtu aliyekwenda dukani alipekuliwa mwilini na mkobani. Usiku mji ulikuwa mtupu.

Muziki nao haukusalimika. Tarehe 31 Julai 1975, wanamuziki wa bendi ya Miami Showband walikuwa wakirejea nyumbani Dublin baada ya onyesho. Walisimamishwa njiani na watu waliovaa sare za kijeshi, na watatu kati yao wakauawa. Bendi hiyo ilikuwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, ikipiga kwa ajili ya watu wote. Baada ya msiba huo wanamuziki wengi wa nje waliogopa kukanyaga Ireland ya Kaskazini, na vijana waliobaki humo wakajiona kama watu waliosahauliwa.

Hapo ndipo panki ilipopata maana yake ya pekee. London ilikuwa njia ya kuwaudhi wakubwa, lakini Belfast ilikuwa sababu ya kutoka mtaani kwako na kwenda kukutana na mtu ambaye ulifundishwa kumwogopa. Tarehe 20 Oktoba 1977 bendi ya The Clash kutoka London ilitarajiwa kupiga katika ukumbi wa Ulster Hall. Dakika za mwisho onyesho likavunjwa kwa sababu ya mambo ya bima. Vijana waliokuwa wamekusanyika nje, katika mtaa wa Bedford, walikasirika, na kukawa na msukumano baina yao na polisi. Wengi waliokuwapo siku ile wamesimulia baadaye kwamba jambo wanalolikumbuka si hasira yao. Wanakumbuka walivyotazamana na kugundua kwamba wako wengi, na kwamba wametoka pande zote mbili za mji.

Mwaka uliofuata walipata mahali pao. Ilikuwa baa moja duni katika mtaa wa Hill, iitwayo Harp, ambayo hapo kabla haikuwa na sifa ya kujivunia. Kuanzia mwezi wa Aprili 1978 vijana wa panki waliifanya kuwa ukumbi wao. Hatusemi hivyo kwa kusifu baa. Tunasema kwamba katika mji ambao wazee, viongozi na wahubiri hawakuweza kuwapatia vijana hata chumba kimoja cha kukaa pamoja kwa amani, vijana wenyewe walikipata, na mlangoni hapana aliyeulizwa dini ya baba yake.

Pembeni yao alikuwapo mtu mzima mmoja aliyewaelewa, bwana Terri Hooley. Alikuwa na duka la santuri lililoitwa Good Vibrations katika mtaa wa Great Victoria, mtaa ule ule wa hoteli ya Europa ambayo ilipigwa mabomu zaidi ya mara 30. Kufungua duka la muziki mahali kama hapo katika miaka ile kulihitaji imani kubwa. Mwaka 1978 Hooley alianza kutoa santuri za vijana hao kwa jina la duka lake, akaanza na bendi ya Rudi ya Belfast. Fedha hazikuwapo. Kwa kuwa hapakuwa na uwezo wa kununua majalada ya kawaida, santuri za mwanzo zilifungwa katika karatasi kubwa iliyochapishwa kama bango na kukunjwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo vijana watano wa mji wa Derry, waliojiita The Undertones, walirikodi Belfast nyimbo nne kwa gharama ya Pauni 200 hivi, mmojawapo ukiwa ni ule wa Teenage Kicks. Makampuni ya London yaliukataa. Mwezi wa Septemba mtangazaji wa BBC, marehemu John Peel, aliupiga redioni mara mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na bendi hiyo ikajulikana kote Uingereza. Inasimuliwa, na Hooley mwenyewe amelisimulia mara nyingi, kwamba alipouachia wimbo huo kwa kampuni ya Marekani alitaka Pauni 500 na picha moja yenye saini za Shangri-Las, waimbaji wa kike aliowapenda tangu ujana wake, na kwamba picha hiyo haikumfikia. Wako wanaomcheka kwa biashara hiyo. Sisi tunaona kwamba mtu huyo alijua thamani ya kumbukumbu kuliko wengi wanaomcheka.

Wasomaji wanaweza kuuliza: kama habari hizi zinajulikana, vikorokoro vina kazi gani? Jibu ni kwamba zinajulikana kwa sababu ya vikorokoro hivyo. Majalada ya dola ya siku zile yamejaa maiti, mabomu, mahabusu na vikao. Yako sahihi katika hayo, wala hayakusema uongo. Lakini mtafiti atakayesoma majalada hayo peke yake ataamini kwamba kila kijana wa Belfast alikuwa ama ameshika jiwe au amekimbia jiwe. Hatajua kwamba usiku wa Jumamosi kijana wa mtaa wa Falls na kijana wa mtaa wa Shankill waliweza kusimama bega kwa bega mbele ya jukwaa moja. Ushahidi wa hilo umo katika tiketi, katika picha, katika barua baina ya marafiki, na katika vijarida vilivyotengenezwa vyumbani. Kimojawapo kiliitwa Alternative Ulster, na jina lake likachukuliwa na bendi ya Stiff Little Fingers kuwa jina la wimbo wao mashuhuri wa mwaka 1978.

Mwaka 2003 watu wawili wa huko, Sean O'Neill na Guy Trelford, walitoa kitabu kiitwacho It Makes You Want to Spit, chenye habari za panki katika Ireland ya Kaskazini. Kitabu hicho kilitungwa kutokana na masimulizi ya wale waliokuwapo na kutokana na vitu walivyovitunza majumbani mwao: picha, matangazo, kurasa za vijarida na majalada ya santuri. Hakikuanzia katika ofisi wala katika chuo kikuu. Kilianzia katika masanduku yaliyokuwa chini ya vitanda.

Mwaka uliofuata ilidhihirika kwamba kazi ile ilifanywa katika wakati wake. Mwezi wa Aprili 2004 moto uliwaka katika jengo la maduka liitwalo North Street Arcade, ambamo Hooley alikuwa na duka lake wakati huo, na jengo hilo likateketea. Aliyekuwa mtunzaji mkubwa kuliko wote wa kumbukumbu za muziki ule alipoteza bidhaa zake na kumbukumbu alizozikusanya kwa miaka mingi. Kama historia yote ya panki ya Belfast ingalikuwa ndani ya duka lile, siku ile ingalikuwa imekwisha. Haikwisha, kwa sababu mamia ya watu wasio na jina kubwa walikuwa wameweka kila mmoja kitu chake: huyu santuri, yule bango, yule picha ya rafiki aliyehamia ng'ambo.

Funzo la kwanza tunalolipata hapa ni kwamba kumbukumbu za umma zisitegemee nyumba moja wala mtu mmoja, hata mtu huyo awe mwaminifu namna gani. Sisi wa visiwa hivi hatuhitaji kuambiwa hilo mara mbili. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililowahi kuwa nyumba yetu ya makumbusho, ilianguka na roho za watu zikapotea. Jengo lililosimama zaidi ya karne moja liliporomoka kwa muda mfupi kuliko muda wa kuisoma tahariri hii. Anayeweka yai lake la pekee katika kapu la pekee asishangae siku kapu litakapodondoka.

Iko hoja inayopinga maoni yetu, na si haki kuipita kimya. Wanasema baadhi ya watu kwamba panki ilikuwa uasi, na uasi hauwekwi ndani ya kabati la kioo. Ukiwekwa humo umekufa. Mwenye hoja hiyo aliyesikika kuliko wote ni bwana Joe Corré, mtoto wa Malcolm McLaren aliyekuwa msimamizi wa bendi ya Sex Pistols, na wa mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood. Mwaka 2016 taasisi kubwa za London ziliadhimisha miaka 40 ya panki kwa maonyesho. Yeye akazichukia sherehe hizo, na tarehe 26 Novemba akakichoma moto juu ya maji ya mto Thames mkusanyo wake wa nguo na vitu vya panki, ambao alisema thamani yake ni Pauni milioni 5.

Tunakubali kwamba katika hoja hiyo imo chembe ya haki. Vitu vya kumbukumbu vinapogeuzwa bidhaa ya matajiri, watu waliovitengeneza husukumwa nje ya historia yao wenyewe. Ulimwengu umeona hayo hata kwa mtu aliyezaliwa hapa petu. Mwezi wa Septemba 2023 vitu vya marehemu Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, vilinadiwa London na vikaleta karibu Pauni milioni 40. Hatuna ugomvi na mnada huo, wala mwimbaji huyo hakuwa wa panki. Tunalotaka kusema ni kwamba vitu vya mtu mashuhuri vitatunzwa na fedha, kwa sababu kila kimoja kina bei. Vitu vya mtu asiyejulikana havina mtunzaji isipokuwa mwenyewe na jamaa zake. Yeye akinyamaza, hapana atakayemsemea.

Kwa hivyo tunamjibu bwana Corré kwamba amechoma bei, lakini hakujibu swali. Vilivyoungua London viliwashwa na mwenyewe ili ulimwengu utazame. Vilivyoungua Belfast havikuchomwa na mwenyewe, na waliopoteza hawakuwa na kamera za ulimwengu mbele yao. Mama wa Belfast mwenye umri wa miaka 60 na kitu anapofungua bahasha na kumwonyesha mjukuu wake tiketi ya mwaka 1978, akamwambia kwamba usiku ule alikaa na wasichana wa upande wa pili na hapana kilichomdhuru, hauzi kitu wala haui uasi wa ujana wake. Anampa mtoto yule habari ambayo hataipata kwa mwalimu: kwamba utengano ulikuwa kazi ya watu, na kwa hivyo watu waliweza kuukataa.

Wala tusidanganyane kwamba kumbukumbu peke yake inatosha. Binadamu ni msahaulifu, na akipenda jambo huongeza chumvi. Ng'ambo ya bahari kutoka Belfast, katika mji wa Manchester, Sex Pistols walipiga tarehe 4 Juni 1976 mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 40 hivi. Kwa kuwa baadhi ya waliokuwapo walikuja kuunda bendi mashuhuri, idadi ya wanaodai kwamba walikuwamo ukumbini imekuwa ikikua mwaka hadi mwaka kupita ukubwa wa ukumbi wenyewe, hata mwandishi David Nolan akaandika kitabu kizima kutafuta nani alikuwapo kweli. Ulimi unaweza kumpeleka mtu mahali ambapo miguu yake haikufika. Tiketi haiwezi.

Lakini tiketi nayo ni bubu. Inasema siku, mahali na bei, na hapo inanyamaza. Haisemi ni nani aliyekupeleka, njia gani mlipita kukwepa kizuizi, wala mama yako alisema nini uliporudi. Kwa hivyo kitu na kauli ni mashahidi wawili, na sote tunajua uzito wa shahidi mmoja usivyolingana na wa wawili. Hili ni funzo la pili. Kitu kisipoandikiwa maneno ya mwenyewe wakati angali hai, mrithi atakikuta, atakitazama, na atakitupa. Na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa hakuachiwa habari.

Funzo la tatu ni la maofisa wetu, nao wapokee kwa moyo mwema kama tunavyolitoa. Baada ya kufa John Peel mwaka 2004, maneno ya wimbo wa Teenage Kicks yaliandikwa kwa rangi juu ya ukuta wa barabara moja ya Belfast kwa kumkumbuka. Mwaka 2013 maneno hayo yalifutwa katika kazi ya kusafisha kuta za mji, na wananchi wakalalamika sana. Hatudhani kwamba aliyetoa amri ya kusafisha alikusudia ubaya. Alitumwa kuondoa uchafu wa rangi, akaona rangi, akaiondoa. Kosa la namna hiyo hutokea popote ambapo mwenye ufagio hakumwuliza mwenye mtaa. Kabla ya kufuta, kubomoa au kuchoma makaratasi ya stoo, ofisa aulize: kitu hiki ni cha nani, na kina habari gani? Swali hilo halina gharama katika bajeti ya idara yoyote.

Upande mwingine Belfast hiyo hiyo imeonyesha mfano mwema. Tangu mwaka 2007 kipo kituo cha muziki kiitwacho Oh Yeah, katika mtaa wa Gordon, hatua chache tu kutoka mtaa wa Hill ambapo vijana wa panki walikuwa wakikutana. Ndani yake kuna vyumba vya mazoezi kwa vijana wanaojifunza, na pia pamewekwa maonyesho ya vitu vya wanamuziki wa nchi hiyo. Mpango huo tunaupenda kwa sababu kijana anayekuja kufanya mazoezi ya gitaa anapita mbele ya kumbukumbu za waliomtangulia, na mzee anayekuja kutazama kumbukumbu anasikia kelele za vijana. Makumbusho ya namna hiyo hayawezi kuitwa kaburi.

Sasa tugeukie nyumbani. Sisi hatukuwa na panki, na hatuna haja ya kujitafutia. Lakini ni dhahiri kwamba tunayo yetu. Mwaka 1928 marehemu Siti binti Saad, mtoto wa shamba asiyetoka katika nyumba ya wakubwa, alikwenda Bombay pamoja na wenziwe kurikodi santuri kwa lugha ya Kiswahili. Sauti yake inasikika leo kwa sababu santuri zile zilinunuliwa na watu, zikawekwa na watu, na nyingine zikaokolewa na wajukuu. Kikundi cha Ikhwan Safaa kipo tangu mwaka 1905. Nani anaweza kukisia ni kadi ngapi za mialiko ya harusi, daftari ngapi za nyimbo zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, picha ngapi za safari ya Pemba, na kanda ngapi za kaseti ziko katika makabati yetu, nyingine zimeshikana kwa unyevu wa pwani, nyingine zimeingia mchwa?

Na tusichague taarabu peke yake kwa kuwa imekwisha pata heshima. Bendi za dansi za vijana, ngoma za mitaa, vikundi vya maigizo vya skuli, hata miziki ile ambayo wazee waliipigia kelele, yote ni sehemu ya maisha ya umma. Siti binti Saad naye aliwahi kudharauliwa na waliojiona bora. Wale vijana wa Belfast walidharauliwa pia, na baada ya miaka 25 ikaonekana kwamba walikuwa wakifanya kwa gitaa bovu kazi ambayo wakubwa wao wenye nguo safi walishindwa kuifanya. Hatusemi kwamba muziki uliimaliza vita ile. Iliisha kwa mazungumzo marefu na kwa uchovu wa wafiwa. Lakini mapatano hayashiki pasipo na watu waliokwisha onja kuishi pamoja, na baadhi yao walionja kwa mara ya kwanza mbele ya jukwaa.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne, yote ya rahisi. Kwanza, kila mwenye kitu cha kumbukumbu, kiwe picha, tiketi, kadi au kaseti, achukue penseli na aandike nyuma yake au katika karatasi iliyoambatanishwa: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, na alikipataje. Asingoje kuombwa. Pili, walimu wa skuli zetu wawape wanafunzi kazi ya kumhoji mzee mmoja kila mtoto juu ya kitu kimoja kilichomo nyumbani, na majibu yaandikwe vizuri na kuwekwa. Kazi hiyo itamfundisha mtoto insha, historia na adabu kwa pamoja.

Tatu, Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani na idara zinazohusika na utamaduni zifikirie utaratibu wa kwenda kwa wananchi badala ya kungoja wananchi waende kwao. Ofisa afike katika shehia akiwa na mashine ya kunakili, apige picha ya kitu mbele ya mwenyewe, arikodi maelezo yake, kisha akirudishe kitu mkononi mwa mwenyewe siku ile ile. Mambo haya ya mwisho tunayatilia mkazo. Mwananchi akishaona kwamba kilichochukuliwa hakirudi, sanduku litafungwa na ufunguo utafichwa, na hapana sheria itakayoufungua moyo wake. Nne, nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, Unguja na Pemba, ili moto, mvua au ukuta ulioanguka usije ukamaliza yote kwa mara moja.

Tunajua wako watakaosema kwamba nchi ina haja ya maji, barabara na dawa kabla ya tiketi kuukuu. Hatubishani nao juu ya maji. Lakini penseli na karatasi haviondoi hata ndoo moja katika mradi wa maji, na jambo hili lina muda wake maalumu. Bomba likichelewa mwaka mmoja litajengwa mwaka wa pili. Mzee akifariki na habari yake haikuandikwa, hapana bajeti ya mwaka wa pili.

Wale vijana waliosimama mbele ya jukwaa la Harp mwaka 1978 sasa wamekuwa wazee. Wengine wamekwisha kuzikwa, na hati za serikali zitawakumbuka kwa vyeti vyao vya kuzaliwa na kufa tu. Kilicho katikati, yaani maisha yenyewe, kimebaki kwa sababu baadhi yao hawakukubali kuitupa karatasi. Na hapa petu wako wenye umri kama wao, na wako wakubwa zaidi. Amana wanayo. Wajibu wetu ni kuwauliza leo.